Shemeji, Leso Yako Imefika Viterbo

Shemeji Wakio,

Kwa masikitiko makubwa, na kwa niaba ya ukoo mzima wa vyombo vya umeme vya nyumba hii ya Muaither, natangaza kifo cha ghafla cha pasi ya mvuke, kilichotokea asubuhi katika chumba cha kufulia baada ya marehemu kuugua kwa muda mrefu. Marehemu alikuwa mume mpendwa wa ubao wa kupigia pasi na baba wa madoa yote ya kahawia kwenye kanzu za bosi. Ametutoka akitema maji ya kutu, kama ulivyotabiri. Mazishi yalifanyika kwenye pipa la taka nje ya geti. Mimi nilikuwa mchungaji, paka alikuwa kwaya. Hakuna aliyelia. Pasi mpya ilifika kabla ya adhuhuri.

Nimeanza na pasi kwa sababu najijua. Nikianza na lile ninalotaka kukuambia, nitaweka kalamu chini niende kuosha gari ambalo limeshaoshwa.

Basi habari za nyumbani kwanza. Mimi bado ni dereva, bado nina kitambi, na goti la kulia sasa linatabiri vumbi kuliko televisheni. Kiarabu changu hakijakua: yalla ya kuharakisha, khalas ya kumaliza, na yale maneno matatu ya kuegesha gari. Katika chumba chako cha nyuma analala Proscovia, yaya mpya, Mganda wa Masaka, mtu wa sala na wa kupika matoke yasiyoisha. Ni mwema. Nilijaribu kumchukia wiki nzima nikashindwa, alikuwa ananiwekea chai. Lulwa uliyemlea ameanza shule. Bado anamfukuza paka kwa Kiswahili, "Toka hapa, mshenzi wewe," kwa sauti yako hasa, mpaka Proscovia aliniuliza huyu mtoto wa Kiarabu amefundishwa na nani matusi hayo. Nikasema, na mtaalamu.

Sumaku yako bado imebanwa kwenye mashine ya kufulia. Sijaitoa. Nitaifikia.

Unakumbuka ulivyoniita shemeji siku ya kwanza tu, niliposema mke wangu ni binti wa Mgange, kwenu Utaita? Nilikuwa nimebeba sanduku lako kutoka uwanja wa ndege, wewe umevimba miguu, mimi nimevimba maneno. Ulinitazama juu mpaka chini ukasema, "Mluhya, umetuibia binti. Basi huku Qatar utalipa kwa utani, kidogo kidogo." Nimelipa, shemeji. Nililipa kila asubuhi kwenye jiko la nje, kwenye kile kikombe chenye ufa, nikisubiri unisimulie tamthilia.

Ile tamthilia! Madam anatazama sebuleni kwenye kochi, wewe umesimama nyuma yake unakunja taulo. Watu wanasema Kiitaliano, maandishi chini ni ya Kiarabu. Kiitaliano hukijui. Maandishi ya Kiarabu ulikuwa unayaita mchicha uliomwagika. Lakini asubuhi ulikuwa na kisa kizima. Kuna mjane anaitwa Donata, mwoka mikate katika mji wa kale wa mawe. Mumewe amekufa, na kabla udongo haujakauka, shemejiye, yule mwenye suti ya kijivu, ameanza kuliandama shamba. Amemhonga chifu. Padri anajua hati iko wapi ila anaogopa. Na kila sehemu ikiisha, Donata anashuka zile ngazi za nje ya nyumba yake, ngazi za mawe zinazoangalia chemchemi, anashuka polepole, kichwa juu, shali begani, na wanaume wote waliokaa pale chini wananyamaza.

Mimi niliingia mzima mzima. Nilikuwa naendesha gari barabara ya Salwa huku nikimlaani mtu wa suti ya kijivu. "Chifu amesemaje leo?" ndiyo ilikuwa salamu yangu. Mpaka siku nilipoipata kwenye simu, chini ina Kiingereza, nikaitazama mwenyewe. Shemeji! Hakuna shamba. Hakuna chifu. Yule wa suti ya kijivu ni daktari wa mifugo, anamtaka Donata waoane, na hana nia mbaya na mtu. Nilikuja jikoni nimefura kama chapati. Nikakuuliza, hati ya shamba umeitoa wapi? Ukaendelea kusugua sufuria. Ukasema, "Voi."

Hapo ndipo ulipoacha mzaha kwa mara ya kwanza. Ukanieleza juu ya marehemu mumeo, na shamba lake la mahindi chini ya kilima, na mawifi wawili waliokuja siku ya arobaini na kamba ya kupimia. Mkubwa alikuambia, "Mjane haoti mizizi hapa." Ulipopata kazi huku wakasema kule kanisani kwamba umekwenda kuwaoshea Waarabu vyoo. Ulisema yote hayo ukiwa umenipa mgongo. Halafu ukageuka, ukanitishia mwiko: "Na ukimwambia mtu nimelia, shemeji, nitakutia chumvi kwenye chai."

Ndiyo maana ukaagiza leso, kanga ya maandishi. Aliyekuja nayo ni yule mlinzi anayefanya kazi kwenye geti kule The Pearl, hapa Doha, alipotoka likizo Mombasa. Nyekundu, korosho nyeupe pembeni, na chini imeandikwa: NIMEFIKA, SEMENI. Ulikuwa umeichagua kwa simu, duka zima linasubiri, unakataa moja baada ya nyingine. Leso haivaliwi tu, uliniambia, kana kwamba mimi Mluhya nimekulia kwenye gunia. Leso inasema ili wewe usiseme. Mpango ukawa mwepesi. Madam alikuwa ameipenda tamthilia kiasi cha kukodi nyumba kiangazi katika mji wenyewe ilikorekodiwa, Viterbo, Italia, ili azunguke kuona pale Donata alipooka, pale alipolia, pale alipoolewa. Yaya lazima aende. Na yaya angesimama juu ya zile ngazi, leso begani, kichwa juu, apigwe picha moja tu. Picha hiyo iende Voi. Usingeandika neno.

Ulikwenda kiangazi cha kwanza, ukarudi bila picha. Ukaenda cha pili, ukarudi bila picha. Leso bado imo ndani ya plastiki.

Nami ningefanyaje? Utani ni deni la ushemeji. Nikasimama kwenye ibada yetu Wakristo kule Najma, ambayo huku ni Ijumaa, wakati wa matangazo, nikawaambia ndugu na dada tumshukuru Mungu kwa kumrudisha dada yetu salama kutoka Ulaya, alikokwenda kukaa ndani akiangalia dari. Chumba kizima kiliangua kicheko. Wewe pia. Ukasema, "Nimeona kila kitu, nyinyi watu wa parking mnajua nini? Chemchemi ni kama sufuria kubwa, katikati limesimama jiwe kama mwiko. Paa la nyumba ya Donata lina kigae kimevunjika, njiwa amezalia humo. Na kuna bibi mmoja mwenye ndara za bluu, kila asubuhi anafagia ngazi huku anazitukana, ni rafiki yangu."

Nikasema: bibi gani? Nimeitazama tamthilia yote, hakuna bibi, hakuna njiwa. Na mliongea lugha gani na huyo rafiki?

"Lugha ya ufagio na pasi," ukasema.

Nikakuita mwongo wa mashamba uliyepandishwa cheo kuwa mwongo wa Ulaya. Jina likakushika. Wengine walikuita hivyo mpaka mwisho, Mwongo wa Ulaya, nawe uliitika.

Sumaku sasa. Madam ndiye aliyekuletea, kutoka matembezi yake ya kuona mahali pa tamthilia. Sumaku ya friji, ina picha ya ngazi zile zile. Alikuletea kwa moyo safi, ulisema. Ulikuwa chumbani na mtoto, akaingia na mifuko, akakukabidhi: "Hii yako, Wakio, najua unapenda." Nilikuuliza ulijisikiaje. Ukasema, "Amenikumbuka." Ukaibana kwenye mashine ya kufulia, mahali ambapo ukiwa unapiga pasi unaiona. Wakati ule nilidhani ni jibu la mtu aliyefurahi.

Nisimseme vibaya yule mama. Siku ile alilia. Nilimwona kwenye kioo cha gari, shela imemtoka kichwani na hajali. Kichwa kilikuwa kikikuuma tangu Ramadhani, na nyumba yetu yote ilikuwa nyumba ya Panadol. Yeye alikupa, mimi nilikupa, Lulwa alikupa ya kuchezea. Ukaanguka kati ya kapu na ubao. Nilikubeba mimi, shemeji, na wewe si mwepesi, samahani. Ulilala kiti cha nyuma. Ulifumbua macho pale kwenye matuta karibu na msikiti ukasema, "Polepole, shemeji, hizo nguo nimeshazipiga pasi."

Hakukuwa na nguo.

Nilikwenda polepole. Mungu ananijua. Nilikwenda polepole kwenye matuta.

Kuhusu yaliyofuata sitasema mengi, ulikuwepo. Ulipanda ndege peke yako. Mwanao Neema alinipigia simu baada ya mazishi. Mawifi walilia kuliko wote, akasema. Yule mkubwa alizimia, wakammwagia maji, wakampepea kwa kofia. Na walikuzika wapi? Pembeni ya shamba la mahindi, chini ya kilima. Kipande kizuri. Hakuna aliyekuja na kamba. Nilicheka kwenye simu, Neema naye akacheka. Basi umeota mizizi, shemeji. Ilibidi ufe kwanza, lakini umeota.

Na huku? Wakala alimleta Proscovia wiki iliyofuata. Kama pasi.

Tulipokuwa tunafunga vitu vyako, mimi na akina mama wa ibada, tukaikuta leso, bado kwenye plastiki, bado na karatasi ya duka. Nikamuuliza Neema nimtumie. Akasema, "Baba Nafula, mama aliitaka ifike kule. Kama kuna siku utapata njia, ifikishe. Nipigie picha ikiwa kwenye ngazi. Tukifanya kumbukumbu yake nitaiweka mbele, watu wote waione." Hakuwataja watu wote ni akina nani. Nikamwambia nitaifikisha. Niliahidi kwa sauti ile ya mtu anayejua hataombwa kamwe, kwa sababu dereva anakwenda Ulaya kufanya nini?

Mungu ana utani kuliko sisi. Kiangazi hiki viza ya Proscovia ikachelewa, na bibi yake Lulwa, yule tunayemwita Yumma, akasema naye lazima aone nyumba ya Donata kabla hajafa. Yumma yuko kwenye kiti cha magurudumu. Anatakiwa mtu wa kusukuma. Wakanitazama. Mimi! Ndege ilipoinuka nilishika mkono wa bosi mwenyewe, akaniachia kwa adabu.

Picha unaijua, maana najua unachungulia. Leso nyekundu imetandazwa, NIMEFIKA, SEMENI inasomeka vizuri, na nyuma yake ngazi za Donata na chemchemi. Niliituma. Neema aliandika, "Mama amefika." Kundi letu la Najma walijaza amina mpaka simu ikapata joto. Mchungaji akasema hiyo ni picha ya imani. Proscovia alilia, na hakukujua.

Sasa nikuambie ilivyokuwa.

Viterbo ni mji wa mawe ya kijivu na vichochoro vyembamba kama koo la kuku, na magurudumu ya Yumma yaliyachukia yale mawe tangu siku ya kwanza. Tulizunguka na mwongozaji mwenye mwavuli wa njano. Duka la mikate la Donata ni duka la kava za simu. Kanisa alilofungia ndoa lina tikiti mlangoni. Kila tukisimama Madam anapiga picha, Lulwa anadai aiskrimu, mimi nafunga breki. Tulipofika kwenye ngazi zenyewe, kichochoro kilikuwa na vidaraja vya kushuka, kiti hakipiti. Nikaambiwa, subiri hapa na Yumma. Nilisikia chemchemi. Niliwasikia wakicheka. Leso ilikuwa kifuani, ndani ya shati, natoka jasho juu yake. Nilimwomba Madam kesho yake nipate dakika kidogo niende peke yangu, akasema kwa upole, "Badein, badein." Baadaye. Unaijua ile badein. Haina siku.

Basi siku ya mwisho bosi akataka kanzu yake inyooshwe, na yaya hayupo. Pasi nikapewa mimi. Usicheke. Cheka. Chumba cha kupigia pasi ni kidogo, kiko juu kabisa nyuma ya nyumba ile ile ya viangazi vyako, kina joto kama tanuru la Donata. Nikafungua dirisha ili nisife.

Shemeji.

Chini yangu ilikuwa chemchemi. Kama sufuria, na jiwe katikati kama mwiko. Kutoka chini huwezi kuiona hivyo, nimeshaangalia tamthilia yote tena. Inaonekana hivyo ukiwa juu tu. Mbele yangu paa, kigae kimevunjika, njiwa ndani. Na ngazi za Donata zote, kuanzia juu mpaka chini, karibu kiasi kwamba ningetupa soksi ya bosi ikatua katikati. Viangazi viwili ulisimama pale, na pasi mkononi, na mtoto amelala chumba cha pili, na umeambiwa usitoke, mji una vichochoro, utapotea. Ungepotelea wapi? Ulikuwa unaziona mpaka nyufa. Kisha jioni mtu anakuletea picha yake kwenye sumaku.

Hukudanganya neno. Ulituambia kila kitu, ulituambia mpaka ulikosimama, nasi tulicheka.

Niliiacha kanzu. Nikashuka, goti na kitambi na vyote, nikazunguka nyumba. Ni kona moja tu. Ngazi zina mnyororo chini yake na kibao. Ni nyumba ya mtu, watu wanakaa humo, wamechoka na wageni wa tamthilia. Na kwenye daraja la tatu, bibi. Ndara za bluu. Ufagio. Anazitukana ngazi kwa Kiitaliano, na sikuhitaji mkalimani.

Alipoanza kunifukuza nikaitoa leso. Sikujua nifanye nini kingine. Akaitazama, akanitazama uso, akasimamisha ufagio. Akanyoosha kidole juu, kwenye dirisha. Halafu akafanya hivi kwa mkono: anakwenda mbele na nyuma, mbele na nyuma, juu ya ubao ambao haupo. Akainua mkono akapunga, kuonyesha vile mlivyokuwa mkifanya. Akafungua viganja. Yuko wapi?

Lugha ya ufagio na pasi, shemeji. Sina hata moja kati ya hizo. Nikaweka viganja pamoja, nikalaza shavu juu yake, nikafumba macho.

Nilitaka kusema umekufa. Nilipofumbua macho alikuwa anatabasamu. "Ah," akasema. Akatazama dirisha lililokuwa wazi, lenye mvuke wa kanzu ya bosi, akalipungia, polepole, kwa mkono mzima. Kisha akaweka kidole mdomoni: tusimwamshe.

Alikuwa ameanza kuinama kufungua mnyororo. Naapa alikuwa ameushika. Simu ikalia mfukoni: yalla, yalla, gari limefika, Yumma yuko chini, mizigo, kanzu iko wapi. Nami nikakimbia, shemeji. Mtu wa miaka yangu, na bado nikisikia yalla miguu inatangulia kabla ya kichwa. Sikukanyaga hata daraja la kwanza. Leso haikukanyaga.

Picha niliipiga juu, nilipokwenda kuchukua kanzu. Niliitandaza kwenye kizingiti cha dirisha lako, ngazi zikawa nyuma, ndogo. Ukiitazama haraka utadhani leso iko juu ya ngazi. Watu wametazama haraka.

Likizo yangu ni Desemba. Nitapanda mpaka Voi, nitamkabidhi Neema leso mkononi, nimwambie kabla ya kumbukumbu ilipopigwa picha ile na kwa nini. Yeye ataamua kama ataiweka mbele. Mawifi nao watakuwepo. Wakiuliza, nitawaambia ulikuwa na rafiki Viterbo. Na Ijumaa ijayo, wakati wa matangazo, nitalifuta lile jina nililokupa, kwa sauti, kama nilivyolitoa.

Madam anasema tamthilia inarudi. Nitaitazama nikiwa nimeziba maandishi, halafu nije nikusimulie vizuri: chifu akamatwe, hati ipatikane.

Lala, shemeji. Bibi amesema usiamshwe.

Ni mimi, mdaiwa wako wa utani,
Baba Nafula
Muaither, Doha